Koti la Mwizi wa Kuku

Jumapili, 6 Februari 2011

Daftari hili nililinunua Iringa kwa ajili ya hesabu za hewa ya migodini. Hesabu zitasubiri. Nina siku mbili tu Johannesburg na tayari nina maswali mengi kuliko niliyoulizwa kwenye usaili wa ufadhili, na kwa kuwa hapa hakuna wa kunijibu, nayaandika.

Shangazi Paskalia hakuja kunipokea uwanja wa ndege. Alikuja mwanawe Jabari, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa mgongoni mwa mama yake. Sasa ana miaka ishirini na mbili, anauza simu dukani, na Kiswahili anakisikia vizuri ila hakisemi. Namwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza kilichopakwa Kizulu. Tunaelewana hivyo hivyo, kama watu wanaocheza bao kila mmoja kwa sheria zake.

Tulipofika nyumbani, Orlando West, Shangazi alikuwa mlangoni, mweusi tangu kilemba mpaka viatu. Nikamkimbilia: "Shikamoo Shangazi!" Akarudi nyuma hatua moja. Mkono wangu ukabaki hewani. "Marahaba," alisema, kwa sauti ya chini nusura nisiisikie, akaingia ndani. Huyu ndiye ambaye baba husema zamani alikuwa akiita mbuzi walioko bonde la pili na wanageuka.

Najua amefiwa. Mumewe, Anko Bheki, alifariki Mei mwaka jana. Lakini hiyo ni miezi tisa! Kwetu arobaini ikipita tunanyoa, tunakunywa ulanzi, maisha yanaendelea. Nimemkosea nini mimi?

Jumatatu, 7 Februari

Foleni ya usajili saa nne nzima. Nilipofika dirishani nikaambiwa nakala ya cheti changu haina mhuri, niende kituo cha polisi kugongewa. Nimeingia polisi kwa miguu yangu mwenyewe na nikatoka nikishukuru. Nchi hii siielewi.

Alhamisi, 10 Februari

Shangazi hanipi sahani mkononi. Anaiweka mezani, anaondoka, ndipo ninaichukua. Kanisani anakaa benchi la mwisho kabisa, peke yake, na wanaokwenda komunyo wanampita kama nguzo. Jua likikaribia kuzama lazima awe ndani, hata kama maziwa yamekwisha na spaza, kiduka cha mtaani, iko hatua thelathini. Jana televisheni ilinichekesha nikacheka kwa sauti. Alinitazama tu. Nikameza kicheko pamoja na wali.

Nimemtumia baba ujumbe kumwuliza kama dada yake alikuwa na kinyongo nasi tangu zamani. Amejibu: "Soma. Acha umbea."

Jumamosi, 12 Februari

Mvua ya saa kumi, kama jana, kama juzi. Radi za huku hazina adabu.

Jumamosi, 19 Februari

Leo nimemwona Anti Thoko, dada mkubwa wa marehemu. Ni mfupi, mnene, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila siku alfajiri anakaanga magwinya huko Marshalltown na kuwauzia walinzi na wafagizi wa maofisini. Magwinya ni maandazi yaliyosahau iliki. Aliingia bila kubisha, akanitazama kuanzia viatu, akamwuliza Shangazi kwa Kizulu kitu kifupi. Shangazi alijibu macho yakiwa sakafuni.

"Amesemaje?" nikamwuliza Jabari.

"Ameuliza kama hawa ndio watu wa kwenu."

"Hawa? Mimi ni mmoja!"

"Eish, bra. Wewe ndio wote."

Alipoondoka ndipo Jabari akanieleza, tumekaa kwenye ngazi ya nyuma. Mjane hapa anavaa nyeusi mwaka mzima. Hapigi kelele, hashiki watu mkono, hacheki, haendi sherehe, halali nje. Mwaka ukitimia, ukoo wa mume unakutana, nguo nyeusi zinachomwa, na watu wa upande wa mwanamke wanamletea nguo mpya. Siku yenyewe ni tarehe kumi na nne Mei. Watu wa upande wa mwanamke ni mimi.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Jabari alidhani mama yake ameniambia. Mama yake alidhani baba ameniambia. Baba, namjua, alidhani mtu mzima wa miaka ishirini na saba haambiwi. Basi wiki mbili nimekuwa nikimnunia mwanamke aliyekatazwa kunishika mkono. Nimeona aibu mpaka masikio.

Jumamosi, 5 Machi

Baba amepiga simu. Bibi, mama yao yeye na Shangazi, ameanguka uani, amelazwa. Nyonga. Ana miaka themanini na tisa, na anamwuliza kila nesi kama Paskalia amefika.

Shangazi alisikiliza, akarudisha simu, yaani akaiweka mezani, akatoka kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nikamfuata.

"Nikivua tarehe kumi na nne, tarehe kumi na sita nipo kwenye basi," alisema.

"Kwa nini usiende kesho?"

"Na nguo hizi? Mwanangu, mwenye weusi haendi kukaa kitandani kwa mgonjwa. Anampelekea kifo. Ndivyo wanavyoamini hapa, na mimi nimeishi nao miaka ishirini. Nimeshaamini." Akakunja shati langu bichi, akalikunjua, akalikunja tena. "Mama yangu atanisubiri. Ni mkaidi."

Wiki kumi. Nimezihesabu mara mbili.

Ijumaa, 11 Machi

Profesa wangu anataka tumwite kwa jina lake la kwanza, bila cheo. Nimejaribu. Ulimi umekataa. Nimemwita "Mheshimiwa" na darasa zima likacheka, yeye pia.

Jumamosi, 19 Machi

Jabari amenituma mjini kwa fundi wa nguo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kile kifurushi ambacho Bibi alinifungia Januari na kusema "mpe mwanangu, usikifungue" kilikuwa kitenge. Cha bluu, chenye maua makubwa ya njano. Bibi alijua. Bibi siku zote anajua, ila anakufanya uwe punda wake kwanza.

Fundi anaitwa Spéciose, Mrundi, yuko ghorofa ya tatu ya jengo ambalo Jumapili linakuwa makanisa manne kwa mpigo. Shangazi haruhusiwi kuja kupimwa, kwa hiyo nilipeleka picha yake kwenye simu ya Jabari.

"Iyi kitenge ni nzuri sana, weye!" alisema, akikinyoosha dirishani. "Kwetu nako tunafanya ivyo. Tunaita kuganduka. Watu wanakunywa, wanacheka, c'est fini, matanga imekwisha." Akaitazama picha kwa jicho moja. "Na dada ya bwana wake amekubali?"

"Akubali nini? Tarehe imeshapangwa."

"Eh! Kuvua si weye unasema, mwana. Dada ya bwana ndiye anasema. Akiwa na ubaya, mama wa watu anabaki mweusi."

Nimerudi nikiwa na wasiwasi ambao sikwenda nao.

Jumamosi, 2 Aprili

Mvua zimekatika ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Asubuhi kuna ubaridi.

Leo, nikisoma, nilikumbuka jambo na nikacheka peke yangu. Wangoni wa Songea walitoka huku huku, karibu karne mbili zilizopita. Wangoni na sisi Wahehe ni watani. Basi Wazulu, babu zao Wangoni, ni watani wangu, na mimi nimekaa hapa miezi miwili nikiwaogopa!

Nilipomwambia Shangazi, midomo yake ilicheza kidogo. "Hilo Bheki alilijua tangu Mazimbu," alisema. Shangazi alikuwa mpishi pale Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini. Ndiko walikooana mwaka themanini na nne. "Nilimwambia siku ya kwanza: wewe mtani wangu, pakua ugali mwenyewe. Akazoea."

Nami namkumbuka Anko. Mwaka tisini, kabla hawajaondoka, alikuja Iringa kuaga. Nilikuwa na miaka sita. Alikuwa na koti la kahawia na kofia, na kila alipotaka kudai kitu alikohoa mara mbili kwanza, khm-khm, kama hakimu. Alikaa kwenye kiti cha Bibi, akakohoa, akasema haondoki mpaka apewe kuku. Bibi akamwambia hampi kuku Mngoni. Alikaa mpaka jioni. Alipoondoka, aliondoka na jogoo kwapani, na Bibi akimkimbiza na mwiko akicheka mpaka kilemba kikaanguka. Hadi leo Bibi anamwita mwizi wa kuku. Alipopewa taarifa ya msiba aliuliza, "Wamemzika wapi yule mwizi?" kisha akalia siku tatu.

Koti lile liko chumbani kwangu, kabatini, pamoja na kofia na jezi ya njano ya Kombe la Dunia ambayo bado ina lebo yake. Alikufa wiki nne kabla mpira haujaanza. Ufunguo uko juu ya kabati. Hakuna aliyeniambia nisiliguse.

Jumatatu, 25 Aprili

Nimeharibu. Nitaandika kwa utaratibu ili nijue ni wapi.

Jana Pasaka ukoo wa Anko ulikuja kupanga siku ya kuvua. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, Shangazi pembeni kwenye godoro lake la mjane, sakafuni. Anti Thoko aliongoza: nani ataleta mbuzi, nani atachinja, nani atapika bia. Saa mbili nzima hakuna aliyemtaja Anko kwa jina. Hakuna aliyesema alikuwa mchekeshaji, au mbishi, au kwamba alikuwa anakoroma. Shangazi alikuwa anachomoa nyuzi za shuka, uzi mmoja mmoja, anaziviringa kidoleni. Bibi hospitali, yeye hapa, na sauti imekauka mwaka mzima. Nilishindwa kumtazama.

Nikajiambia: nyumba hii inahitaji mtani. Kwetu, msiba ukizidi kuwa mzito, mtani anaingia. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anadai madeni yake, anamsema wazi mbele ya wafiwa, na wafiwa wanacheka huku wanalia, na hapo ndipo watu wanapata kupumua. Mtani asipokuja watu wanauliza: kwani marehemu hakuwa na wenzake? Na katika chumba kile mtani alikuwa mmoja tu.

Nilikwenda chumbani. Nikavaa koti, nikavaa kofia. Nikarudi sebuleni nikitembea ile hatua yake ya kuburuza kisigino. Nikasimama katikati. Khm-khm. Nikasema kwa Kiingereza, wote wasikie: "Mmekaa mnanililia wakati kuku wa mama mkwe hajaliwa? Siondoki mpaka nipewe kuku!"

Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia yake. Mtoto akaanza kulia.

Kisha Shangazi akacheka. Kile kicheko chake cha kuita mbuzi. Kilitoka chote, akaziba mdomo kwa shuka, kikapenya kwenye vidole, mabega yakitikisika, machozi yakishuka. Kwa muda mfupi nilifurahi. Lazima niliandike hilo, kwamba nilifurahi.

Anti Thoko alinyanyuka. "Vua," alisema. Hakupaza sauti. Nikavua. Akalikunja koti, akalipakata kama mtoto mchanga, akatoka nalo, na ukoo wote ukamfuata.

"Bra," Jabari alisema, mikono kichwani, "nguo za maiti haziguswi mpaka zitakaswe! Ukizivaa kabla, unamwita arudi. Au unasema wewe ndiye yeye sasa. Umeingia pale kama umekuja kurithi nyumba pamoja na mama yangu!"

Jioni Anti Thoko alipiga simu. Matanga yamevunjwa. Koti limevaliwa na mjane amecheka. Hakuna kuvua tarehe kumi na nne. Mwaka unaanza upya.

Nilimwangukia Shangazi magotini. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Miezi kumi na moja, Gaude. Nimecheka mara moja." Akaenda kulala jua likiwa bado lipo.

Jumanne, 26 Aprili

Bibi hali ugali tena. Uji tu. Sijamwambia Shangazi. Ameniambia yeye, baba alimpigia kwanza.

Alhamisi, 28 Aprili

Nilifika Marshalltown saa kumi na mbili asubuhi. Anti Thoko alikuwa nyuma ya sufuria ya mafuta, na mstari wa walinzi mbele yake. Nilipanga mstari kama wote. Nilipofika mbele akamhudumia wa nyuma yangu. Nikapanga tena. Akafanya vile vile. Nimeingia darasani nikinuka mafuta.

Ijumaa, 29 Aprili

Kama jana.

Jumanne, 3 Mei

Kama Ijumaa, ila baridi imezidi na mtungi wa gesi ulikuwa unaisha. Anti Thoko akasema "Shika," bila kunitazama. Nikaubeba ule mpya kutoka kwenye toroli. Hakusema asante. Nimefurahi kijinga siku nzima.

Jumatano, 4 Mei

Leo nilibeba mtungi bila kuambiwa, kisha nikasimama ukutani. Wateja walipopungua aliniwekea chai kwenye kikombe cha bati, ukingoni mwa meza.

"Kwenu mnawacheka wafu?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimetunga hotuba kwa siku tisa. Yote ikapotea. "Tunamcheka aliye wetu, Anti. Mgeni tunamlilia kwa heshima, tunakwenda zetu. Ila wa kwetu lazima aje mtu wa kumsema, ili ijulikane alikuwa mtu." Nikamweleza habari ya utani, ya Wahehe na Wangoni, na kwamba Wangoni walitoka huku.

Akanielekezea uma. "Hao unaosema. Wale waliokimbia vita?"

"Hao."

"Hawu. Basi ni waoga. Wanaume walibaki." Akageuza gwinya. Nilimtazama kwa makini, maana kwetu maneno kama hayo yanatolewa na mtu mmoja tu, na yeye mwenyewe hakujua.

"Na kile kikohozi," alisema. "Nani alikufundisha kile kikohozi?"

"Yeye mwenyewe. Nilikuwa na miaka sita." Nikamhadithia habari ya kiti cha Bibi na jogoo. Alisikiliza huku mafuta yanaungua. Nilipofika kwenye mwiko aligeuka, akafuta miwani kwa aproni, akaifuta muda mrefu.

"Aliondoka nyumbani ana miaka kumi na tisa," alisema. "Hakuaga. Miaka kumi na minne hatukujua kama yu hai. Mama yetu alikufa akiwa amemwekea sahani. Aliporudi alikuja na mke anayesema lugha nyingine, na mtoto, na kile kikohozi. Hakuwa anakohoa hivyo alipoondoka. Nilikasirika. Sikuwahi kumwuliza alikitoa wapi."

Akafunga magwinya manne kwenye gazeti, akayaweka mezani, nikayachukua.

Alhamisi, 5 Mei

Ametaka hadithi nyingine. Sina. Nilimwona Anko siku nne tu maishani! Nimempigia Bibi hospitali, nesi akamshikia simu sikioni. Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini akanipa moja: Anko alivyojaribu kukamua ng'ombe wa jirani na kupigwa teke mpaka kwenye majani ya migomba.

Ijumaa, 6 Mei

Nimepeleka ya ng'ombe. Anti Thoko amecheka kwa pua. Mlinzi mmoja amecheka kwa mdomo, akapewa gwinya la bure.

Kuhusu tarehe kumi na nne, hakusema neno. Nimeogopa kuuliza.

Jumanne, 10 Mei

Bibi jana hakuweza kusema. Nesi alisema nipige kesho. Nilikwenda Marshalltown mikono mitupu.

"Leo?" aliuliza Anti Thoko.

"Leo sina. Zimeisha." Halafu uchungu ukanipanda, na nikasema kama nilivyosikia, bila kuupamba: "Mwenye hadithi zote amekaa kwenye godoro mwaka mzima, Anti, na hakuna aliyemwuliza hata moja. Yeye ndiye alimpikia, yeye alimfundisha utani, yeye anajua kile kikohozi kilianza siku gani. Na mama yake anakufa. Mimi niliharibu, siyo yeye. Nipe adhabu mimi."

Walinzi wawili waliangalia viatu vyao. Anti Thoko alizima gesi, ingawa unga ulikuwa bado nusu ndoo.

"Nenda shuleni," alisema.

Alhamisi, 12 Mei

Sielewi kinachoendelea. Jabari anasema jana Anti Thoko alikuja mchana, akaketi sakafuni karibu na godoro la Shangazi, mlango ukafungwa. Saa nne. Alisikia wakilia, kisha kitu alichodhani ni kikohozi. Anti Thoko aliondoka bila kuaga. Shangazi macho yamemvimba, na nikimwuliza ananiambia, "Kale."

Ijumaa, 13 Mei

Nimechukua gauni kwa Spéciose. "Amekubali?" aliniuliza. Nikamwambia sijui. "Peleka tu," alisema. "Kitenge hakiozi." Nimelipiga pasi mwenyewe mara tatu. Nimeliunguza kidogo kwenye pindo, ndani, hakutaonekana.

Jumamosi, 14 Mei

Saa kumi na moja na nusu alfajiri wakaja. Sikusikia wakiitwa, lakini walikuja: wanawake kwa mlango wa nyuma, wanaume wakivuta mbuzi. Nilikaa kwenye ngazi na kifurushi magotini. Hakuna aliyeniambia niingie wala niondoke. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na moshi wa makaa ya mawe umelala juu ya mabati.

Kisha nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Ilinichukua muda. Niliposimama, Anti Thoko alikuwa mlangoni, mikono ina majivu.

"Watu wa kwao," alisema, "mmeleta nguo au mmelala?"

Nilimpa. Mkononi. Akapokea.

Shangazi alitoka kwa bluu na njano. Gauni lilimpwaya mabegani, maana Spéciose alipima kwa picha ya mwaka juzi na tangu hapo Shangazi amekwisha. Wakambana kwa pini. Akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake ni vigumu, sikujua. Miezi mitatu nyumba moja na sikuwa nimevigusa.

Nguo za Anko zilitolewa uani, zikanyunyiziwa maji na nyongo ya mbuzi, mzee akazisemea, zikagawiwa. Jezi akapewa Jabari, akaivaa na lebo yake. Koti Anti Thoko alilichukua yeye, akaingia nalo ndani.

Tulikuwa tumeanza kula. Shangazi alikaa kwenye kiti, siyo godoro, kiti, katikati ya wakwe zake, bado anaongea kwa sauti ndogo kama mtu aliyesahau iko wapi ile kubwa. Ndipo jikoni kikasikika: khm-khm.

Kila mtu aliacha kutafuna.

Anti Thoko alitokea amevaa koti la kahawia, limefika magotini, mikono imemeza vidole, kofia imekaa juu ya miwani. Akaburuza kisigino mpaka kwenye kiti cha Shangazi. Shangazi akasimama kwa heshima. Anti Thoko akakaa pale pale. Akakohoa tena mara mbili, akatazama watu wote, na kwa Kiswahili, Kiswahili alichofundishwa Jumatano mlango ukiwa umefungwa, neno moja moja kama anakanyaga mawe mtoni, akasema:

"Mimi mwizi. Siondoki. Leta kuku."

Shangazi alicheka. Safari hii hakuziba mdomo. Yule mzee wa kofia alicheka mpaka akakohoa kweli, Jabari akacheka, wanawake wakapiga vigelegele, na chini ya ile kofia Anti Thoko alikuwa analia waziwazi, mabega yake yanaruka ndani ya koti la mdogo wake. Mimi nililia pia. Sioni haya kuliandika.

Alikaa kwenye kiti kile mpaka Jabari alipokwenda kununua kuku.

Jumatatu, 16 Mei

Basi limeondoka Park Station saa nne. Anti Thoko alifunga biashara akaja, na magwinya ya siku tatu kwenye ndoo. Akamwambia Shangazi dirishani, Jabari akitafsiri: "Mwambie mama yako Wazulu hawarudishi kuku."

"Nitamwambia," Shangazi alijibu, kwa ile sauti kubwa, na watu wa basi lingine wakageuka.

Alhamisi, 19 Mei

Hakuna simu. Baba hapatikani. Nimefeli jaribio la hewa ya migodini. Nilijaza namba ambazo hata mimi sizijui.

Ijumaa, 20 Mei

Ujumbe kutoka kwa Shangazi, saa tatu asubuhi: "Nimemkuta. Anauliza kuku wake."